Jua na Unga Mweupe wa Mikorosho

Adui mkubwa wa spora ya ubwiriunga inapokuwa hewani ni jua. Spora hiyo, kijimbegu cha kuvu kisichoonekana kwa macho, ikitua kivulini juu ya jani changa la mkorosho huota na kuzaa nyingine. Ikipeperushwa na kukaa saa kadhaa juani, uwezo wake wa kuota hupungua hadi ukaisha. Hata hivyo mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, ambako jua haliadimiki, ni miongoni mwa maeneo yaliyopata hasara kubwa kabisa kutokana na ubwiriunga. Kuanzia mashamba ya Madimba na Msimbati, karibu na maingilio ya mto Ruvuma, hadi Tandahimba na Newala juu ya uwanda wa Makonde, hakuna mkulima wa korosho anayeweza kuliachia jua peke yake kazi ya kuumaliza ugonjwa huu. Jibu la fumbo hilo limo katika muda: muda ambao spora hukaa juani, saa za siku inaporuka, na miezi ya mwaka ambayo mkorosho huchanua.

Mkorosho wenyewe ni mgeni aliyelowea. Ulitoka Brazil, ukaletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16, ukaupenda udongo wa kichanga na kiangazi kirefu cha kusini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi, na ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani. Kisha mavuno yakaporomoka. Msimu wa 1986/87 hayakufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Watu wengi walihamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, mikorosho yao ikabaki mbali, ikamezwa na pori. Na mwishoni mwa miaka hiyo ukatambuliwa ubwiriunga. Mashamba yaliyotelekezwa, yenye miti iliyosongamana na giza chini yake, yaliupokea ugonjwa huo vizuri mno.

Jina lenyewe linaeleza dalili. Chipukizi, ua au tunda changa hufunikwa na kitu cheupe kama unga wa muhogo uliopepetwa juu yake. Unga huo ni kuvu, ambayo kitaalamu huitwa Oidium anacardii, pamoja na maelfu ya spora zake. Kuvu hii hushambulia sehemu laini tu: majani machanga, vishada vya maua, mabibo na korosho zikiwa bado ndogo. Jani lililokomaa huwa gumu kwake. Ua lililoshikwa hushindwa kufunguka, hugeuka rangi ya kahawia na kupukutika. Bibo lililoshikwa likiwa changa hukua na makovu, mara nyingine hupasuka. Katika msimu mbaya, mti usiotibiwa unaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno yake ndani ya wiki chache za kuchanua.

Kuvu nyingine nyingi zinazoshambulia mimea huingia ndani ya jani na kuishi humo. Ubwiriunga hukaa nje. Nyuzi zake hutambaa juu ya ngozi ya jani, na kinachoingia ndani ni vinyonyeo vidogo tu vinavyofyonza chakula kutoka seli za juu. Kwa hiyo karibu mwili mzima wa kuvu hii uko wazi kwa jua, upepo na mvua muda wote wa maisha yake. Hali hiyo ina uzito mkubwa katika habari ya jua, kwa sababu mionzi inayoua spora hewani ndiyo hiyo hiyo inayodhoofisha kuvu ambayo imekwisha kujishika juu ya jani.

Spora za ubwiriunga huzaliwa kwenye ncha za vijiti vidogo vinavyosimama juu ya nyuzi hizo. Zina umbo la yai refu, hazina rangi, na ganda lao ni jembamba. Ndani yake mna maji mengi, na maji hayo ndiyo akiba yake ya safari. Spora za magonjwa mengine mengi huhitaji jani lililolowa ili ziote. Ya ubwiriunga huota juu ya jani kavu mradi hewa iwe na unyevu wa kutosha. Maji ya mvua huisumbua: huiosha kutoka kwenye jani, na spora iliyozama majini huweza hata kupasuka. Ndiyo maana ubwiriunga wa mikorosho ni ugonjwa wa kiangazi, wakati wakulima wengi huhusisha magonjwa ya kuvu na masika.

Kwa kawaida ya jamii yote ya ubwiriunga, spora hukomaa usiku na alfajiri, kisha huachia vijiti vyao mchana, hewa ikikauka na upepo ukianza kutikisa majani. Hapo pana ajabu kidogo. Spora isiyo na rangi wala ganda nene hutoka nyumbani kwake wakati jua limepamba moto. Zinazofika salama hufika kwa sababu safari yao ni fupi.

Jua huidhuru spora kwa njia tatu zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni joto. Kuvu ya ubwiriunga wa mikorosho hustawi zaidi katika joto la nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi. Jani linalopigwa na jua la mchana bila upepo hupata joto zaidi ya hewa inayolizunguka, na kuvu iliyo juu yake hulazimika kuvumilia joto la jani, sio lile linalosomwa kwenye kipimajoto kilichowekwa kivulini. Njia ya pili ni ukavu. Jua hukausha umande na kupunguza unyevu wa hewa karibu na jani, na spora yenye ganda jembamba hupoteza akiba yake ya maji. Njia ya tatu, ambayo ndiyo kali kuliko zote, ni miale ya urujuanimno.

Miale hiyo ni sehemu ya mwanga wa jua ambayo jicho la mtu haliioni. Wanasayansi huigawa katika makundi matatu kwa urefu wa mawimbi yake. Kundi A lina mawimbi ya nanomita 315 hadi 400, kundi B 280 hadi 315, na kundi C chini ya hapo. Kundi C lingeua karibu kila kijidudu duniani, lakini huzuiwa lote na tabaka la ozoni angani. Kundi B huchujwa sehemu kubwa, na kinachopenya ni kidogo ukilinganisha na mwanga mwingine. Lakini hicho kidogo kinatosha kuharibu DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli. Mwale wa kundi B ukiipiga DNA, herufi mbili zilizo jirani hushikana zenyewe kwa zenyewe, na seli inaposoma maandishi hayo ili ikue hukwama mahali hapo. Makwamo yakiwa mengi spora haioti. Ikiota, huweza kutoa uzi mfupi unaokufa kabla haujapenya jani.

Spora haikosi fundi wa kurekebisha. Kuvu nyingi zina kimeng'enya kinachozitenganisha herufi zilizoshikana, na kimeng'enya hicho hupata nguvu ya kufanya kazi kutoka kwenye mwanga wa bluu na miale ya kundi A. Kwa hiyo mchana jua lilelile hujeruhi na kutibu kwa wakati mmoja, na kifo huja pale majeraha yanapozidi matengenezo. Usiku fundi huyo hana mwanga wa kufanyia kazi. Jambo hili limetumiwa na watafiti wa Marekani na Norway katika mashamba ya stroberi na nyumba za kuoteshea mboga: taa za urujuanimno huwashwa gizani kwa muda mfupi, na kipimo kidogo ambacho mchana kisingetosha huweza kuzuia ubwiriunga kwa sababu kuvu haina njia ya kujitibu. Kwa mkorosho, mti mpana wenye matawi yanayofika chini, taa kama hizo hazina nafasi. Lakini matokeo yake yanathibitisha kuwa miale hiyo peke yake, bila joto wala ukavu, inatosha kuishinda kuvu ya aina hii.

Spora za magonjwa mengine hazilichukulii jua kwa namna moja. Kinachozitofautisha hasa ni rangi na ganda. Spora za Alternaria, kuvu inayoleta bakajani tangulia kwenye nyanya, ni za kahawia iliyokolea kwa sababu ganda lao lina melanini, rangi ileile inayolinda ngozi ya binadamu. Spora hizo huvumilia jua kwa siku nyingi. Spora za kutu ya ngano zina rangi ya chungwa au ya matofali, nazo hustahimili safari ndefu. Aina ya kutu ya shina iliyopewa jina la Ug99 iligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, na kufikia 2006 ilikuwa imeonekana Yemen, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, kisha Iran mwaka 2007.

Upande wa pili wamo walio dhaifu. Kiini cha bakajani chelewa, ugonjwa wa viazi na nyanya unaowasumbua wakulima wa Njombe na Mbeya, hurushwa na upepo ndani ya vifuko visivyo na rangi. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalionyesha kuwa siku ya jua kali vingi kati ya vifuko hivyo hufa ndani ya saa moja hivi, lakini siku ya mawingu mazito huweza kubaki hai kwa saa kadhaa. Kwa ugonjwa kama huo, wingu ni sawa na mwavuli wa msafiri.

Katikati ya hao wawili kuna Sigatoka nyeusi ya migomba, ambayo katika Afrika Mashariki ilionekana kisiwani Pemba mwaka 1987. Majaribio ya maabara yaliyotumia mwanga wa kuigiza jua yalikuta kwamba spora zake hufa zikikaa takriban saa sita mfululizo chini ya miale ya urujuanimno. Kutoka Pemba hadi bara ni kama kilomita 50. Upepo wa kilomita 20 kwa saa huvuka umbali huo kwa saa mbili na nusu, yaani chini ya nusu ya muda unaohitajika kuiua spora. Bahari ya upana wa kilomita elfu moja, kwa upepo huo huo, ingeihitaji spora isafiri saa hamsini, na ndani yake mchana mzima mara mbili. Kwa hesabu hiyo jua ni ukuta kati ya mabara, lakini kati ya kisiwa na pwani iliyo karibu ukuta huo una mlango.

Lipo pia kundi ambalo jua halilipati kwa urahisi kwa sababu halirukiruki. Chule, ugonjwa unaounguza maua na machipukizi ya mikorosho na miembe, huzaa spora ndani ya utelezi unaonata. Utelezi huo huzikinga na ukavu na mwanga, na spora hungoja matone ya mvua yazirushe hadi tawi la jirani. Ndiyo sababu mvua zisizo za msimu wakati wa kuchanua huleta chule na kupunguza ubwiriunga, na kiangazi kikavu hufanya kinyume chake.

Ubwiriunga wa mikorosho, kwa rangi na ganda la spora zake, umo katika kundi la wadhaifu. Swali ni jua gani unalolikuta Mtwara, na lini. Mji wa Mtwara uko nyuzi 10 na zaidi kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua huwa upande wa kaskazini kabisa mwa safari yake ya mwaka, na saa sita mchana mtu aliyesimama ufukweni Mikindani hupata kivuli cha kama theluthi mbili ya kimo chake, kikielekea kusini. Kuanzia hapo jua hurudi kusini siku hadi siku, na ifikapo karibu na tarehe 20 Oktoba hupita utosini, kivuli cha mchana kikawa karibu na kuisha kabisa.

Kivuli ni kipimo kizuri cha miale ya kundi B. Jua likiwa chini, mwanga hupita katika unene mkubwa wa hewa na ozoni, na miale hiyo hupungua kwa kasi kuliko mwanga unaoonekana. Asubuhi yenye mwanga mweupe inaweza kuwa na urujuanimno kidogo sana. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba miale huwa na nguvu pale kivuli cha mtu kinapokuwa kifupi kuliko kimo chake. Kwa Mtwara, mwezi Juni hali hiyo hudumu kama saa nne tu, kuanzia saa nne na ushei asubuhi hadi saa nane na ushei mchana. Karibu na tarehe 20 Oktoba hudumu kama saa sita.

Sasa kalenda ya mkorosho iwekwe pembeni ya kalenda ya jua. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, na huisha kati ya Aprili na Mei. Baada yake mkorosho hutoa machipukizi mapya, kisha vishada vya maua kuanzia Juni na kuendelea hadi Agosti au Septemba. Korosho huanguka kwa wingi Oktoba na Novemba. Kwa hiyo tishu laini ambazo kuvu huzihitaji hujitokeza katika miezi ambayo jua liko chini kuliko wakati wote wa mwaka. Ni kipindi cha kipupwe: usiku huwa na ubaridi, umande hulala kwenye majani hadi asubuhi imepevuka, na mchana joto halizidi sana lile linaloipendeza kuvu. Jua linapofika utosini mwezi Oktoba, maua mengi yamekwisha pukutika au yamekwisha kuwa korosho, na kilichobaki juu ya mti ni kigumu. Jua kali hufika kuvu ikiwa imekwisha maliza kazi yake.

Upepo nao una sehemu yake. Miezi hiyo ni ya kusi, upepo unaotoka baharini upande wa kusini-mashariki. Kwenye ukanda wa maingilio ya Ruvuma na Ghuba ya Mnazi, eneo ambalo sehemu yake ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kusi huingia nchi kavu ukiwa na unyevu wa bahari na mara nyingine vipande vya mawingu. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno, lakini mazito huizuia. Unyevu kwa upande wake huirefushia spora akiba yake ya maji. Kwa mikorosho iliyo karibu na pwani, njia ya jua iitwayo ukavu hupungukiwa nguvu hata pale mwanga unapokuwa mwingi.

Lakini hata jua la Oktoba lingekuja Julai lisingetosha, na sababu ni umbali. Nafasi inayopendekezwa kati ya mkorosho na mkorosho ni mita 12. Upepo wa kawaida wa mchana, tuseme mita 4 kwa sekunde, huipeleka spora kutoka mti mmoja hadi wa pili kwa sekunde tatu. Hata shamba la jirani lililo kilomita moja mbali hufikiwa kwa dakika nne hivi. Ili spora nyingi zife, jua huhitaji dakika nyingi au saa. Kati ya spora zilizotoka shambani asubuhi, zitakazokutwa na mauti ni zile zilizopanda juu na kuchukuliwa mbali. Zinazotua jirani hutua hai. Jua basi hupunguza uwezo wa ugonjwa kusafiri kutoka wilaya hadi wilaya, lakini halizuii moto kutoka paa moja hadi paa la pili.

Baada ya kutua, kila kitu hutegemea mahali. Spora iliyoangukia upande wa juu wa jani la nje huendelea kupigwa na jua mpaka iote au ife. Iliyoangukia kwenye mikunjo ya kishada cha maua, chini ya jani, au katikati ya lundo la spora wenzake, huwa imepata hifadhi. Zilizo juu ya lundo hufa zikizikinga za chini. Ndani ya mkorosho mzima usiopogolewa hali ni nafuu zaidi kwa kuvu. Majani ya mmea hunyonya karibu miale yote ya urujuanimno inayoyapiga, hivyo chini ya tabaka mbili tatu za majani mionzi hiyo huwa imekwisha, hata pale mtu anapoweza bado kuona vizuri humo.

Katika kivuli hicho ndiko kuvu hupitisha miezi kati ya msimu na msimu. Ubwiriunga hauwezi kuishi bila tishu hai ya mkorosho. Haukai udongoni kama mnyauko fusari, wala haungoji kwenye majani makavu. Lakini mkorosho, hasa uliozeeka, hutoa machipukizi laini kwenye shina na matawi makubwa ndani ya kivuli karibu wakati wowote wa mwaka. Juu ya machipukizi hayo kuvu hubaki hai, ikizaa spora chache chache, hadi vishada vitokeze. Wataalamu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walilifanyia kazi suala hili kwa miaka mingi. Miongoni mwa kazi hizo ni utafiti wa Shomari na Kennedy uliochapishwa mwaka 1999, uliochunguza namna kuvu hii inavyoendelea kuishi kusini mwa Tanzania.

Kutokana na elimu hiyo, hatua ya kwanza dhidi ya ubwiriunga hufanywa kabla unga mweupe haujaonekana. Machipukizi ya ndani huondolewa mvua zinapoisha, kabla ya vishada kutoka. Matawi yaliyokufa, yanayogusa ardhi na yanayopishana hupogolewa. Miti iliyosongamana hupunguzwa hadi nafasi kati yao iruhusu mwanga kushuka. Kazi hizi huonekana kama usafi wa shamba, lakini kila moja huipunguzia kuvu saa za kivuli. Mkulima hupata faida nyingine papo hapo, kwa kuwa mkorosho huchanua kwenye ncha za matawi yanayoona jua. Mti ulioshikana na mwenzake huzaa juu tu. Uliopewa nafasi huzaa kuanzia utosini hadi chini. Kwa sababu spora hufika shamba la jirani zikiwa hai, faida ya kuondoa machipukizi huwa kubwa kijiji kizima kikifanya pamoja, na shamba moja lililotelekezwa katikati huweza kuwarudisha nyuma wengi.

Pale ambapo jua halifiki au halina muda, huingia salfa. Unga wa salfa ulianza kutumika sana kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990, ukipulizwa kwa mashine ya injini inayobebwa mgongoni. Mapendekezo ya awali yalikuwa robo kilo kwa mti mkubwa kwa kila mzunguko, mizunguko mitano hivi kwa msimu, ikiachana kwa wiki mbili hadi tatu. Hupulizwa alfajiri na mapema asubuhi, kwa kuwa wakati huo upepo umetulia na umande huushika unga kwenye majani na maua. Jua likipanda, joto lake huifanya salfa itoe mvuke unaopenya kwenye mikunjo ambayo unga wenyewe haukufika. Hivyo kazi iliyoanzwa gizani humaliziwa na jua, kwa njia ya kemikali badala ya miale. Salfa hukinga tishu iliyofunikwa tu, na kwa sababu mkorosho hufungua maua mapya kwa wiki nyingi mfululizo, mzunguko mmoja hautoshi.

Salfa ina gharama zake. Ukiacha bei na mafuta ya mashine, unga unaoanguka chini mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali katika udongo wa kichanga, jambo ambalo limechunguzwa katika mashamba ya kusini. Dawa za maji hutumika pia, nazo zina masharti yake ya vipimo na kinga kwa mpulizaji. Njia ya kudumu zaidi ni mbegu. Naliendele imechagua mikorosho inayovumilia ubwiriunga na kuzaa vizuri, na miche yake huzalishwa kwa kubebesha ili tabia za mti mama zisipotee. Pamoja na bei na mfumo wa ununuzi, hatua hizi zilisaidia kulirudisha zao hili juu: msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Ifikapo mwisho wa mwaka, vikapu vya korosho vikiwa vimekwisha pelekwa kwenye maghala ya vyama vya msingi, jua la kusini liko karibu na utosi na majani ya nje ya mikorosho ni magumu na safi. Spora zilizobaki hewani ni chache, na maisha yake ni mafupi. Kuvu iliyosalia imejificha kwenye machipukizi ya ndani, na ukubwa wa ugonjwa wa mwaka unaofuata huanza kuhesabiwa kutokana na kiasi kilichobaki humo.